Siku Yako ya Kwanza katika Kituo cha Tafakuri cha Wabuddha Uganda: Mwongozo Kamili kwa Mgeni

Tangu watu wajue kwamba huwa naenda kukaa na Wabuddha, swali ninaloulizwa na Waswahili wenzangu hapa Kampala ni lile lile: "Ukienda kule, si watakubadilisha dini?" Ameniuliza jirani yangu Mkongo wa Katwe, ameniuliza dereva wa lori anayetoka Mombasa, ameniuliza shangazi yangu kwa simu kutoka Bukoba, tena kwa sauti ya chini kana kwamba kuna anayetusikiliza.

Hapana, hawatakubadilisha. Miaka yote hii hakuna aliyenipa karatasi nitie sahihi wala kuniambia niache kusali nilivyolelewa. Ukweli ni kwamba dini siyo inayomsumbua mgeni siku ile ya kwanza. Kinachomsumbua ni kutojua avulie viatu wapi, amsalimie vipi mtawa, afanye nini miguu ikifa ganzi, na kama akipewa chakula ale au asubiri. Mengi ya hayo ni adabu ya ugeni tu, na adabu hiyo tulifundishwa nyumbani. Yaliyobaki nayaandika hapa, ili wewe usihangaike nilivyohangaika mimi.

Jua kwanza unakwenda kwa nani

Kituo kinachojulikana zaidi nchini ni Uganda Buddhist Centre, kilichopo Bulega, Garuga, upande wa Ziwa Viktoria ukitoka barabara ya Entebbe. Kilianzishwa mwaka 2005 na mtawa Bhante Buddharakkhita, na huyu si mgeni aliyetoka Asia. Ni Mganda, alizaliwa hapa hapa akaitwa Steven Kaboggoza, akalelewa katika familia ya Kikatoliki. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma, akakutana na watawa vijana kutoka Thailand, na urafiki ule ukamfungulia njia nyingine kabisa. Alipata utawa mwaka 2002 huko California, Marekani, chini ya mwalimu wa Kiburma, Sayadaw U Silananda. Aliishi pia miaka kadhaa katika makao ya watawa ya Bhavana Society, West Virginia. Ninalieleza hili mapema kwa sababu wengi hudhani wanakwenda kwa Wachina au Wahindi, kisha wanashangaa kukaribishwa kwa Kiluganda.

Kituo hiki ni cha mapokeo ya Theravada, maana yake "mafundisho ya wazee", yale yanayofuatwa Sri Lanka, Thailand na Burma. Ni vizuri kulijua hilo kabla hujatoka nyumbani, kwa kuwa Wabuddha wana madhehebu, na desturi zinatofautiana. Niliyoandika hapa yanafuata Theravada. Ukienda kwa Wazen au kwa Watibeti utakuta kengele nyingine, nyimbo nyingine, na namna nyingine ya kuinama.

Kwa msomaji wa Tanzania anayedhani jambo hili ni jipya Afrika Mashariki: Dar es Salaam kuna hekalu la Wabuddha pale Upanga lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka zamani za ukoloni wa Mwingereza, na adabu zake ni hizi hizi.

Piga simu, usitokee tu

Sisi tumezoea kwamba mgeni haulizi, anabisha hodi. Hapa jizuie. Kituo cha tafakuri kina siku za kufundisha watu wapya na kina siku za ukimya, ambapo watu wamekaa siku tatu au kumi bila kusema. Ukitokea siku ya ukimya hutafukuzwa, ila hutapata mtu wa kukuelekeza, na utarudi nyumbani ukidhani wale watu wana majivuno.

Ukipiga simu, uliza mambo haya: siku gani wanafundisha wanaoanza na saa ngapi, lugha gani inatumika, kama kuna viti kwa mtu mwenye magoti mabovu, na kama unaweza kuleta chakula. Kuhusu lugha, tarajia Kiingereza na Kiluganda. Kama Kiswahili ndicho unachokimudu zaidi, sema tangu mwanzo. Mara nyingi hapakosi mtu wa kukutafsiria, kwa kuwa Uganda ya leo haina uhaba wa wanaokisikia.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu na mkanganyiko wetu wa kila siku. Mtu akikwambia "ten" kwa Kiingereza, hiyo ni saa nne asubuhi. Nimeona mtu mzima akifika saa kumi jioni, uwanja umefagiliwa na kila mtu amekwenda zake.

Nguo na mkoba

Vaa nguo pana inayofunika mabega na magoti. Suruali ya kubana itakutesa ukikunja miguu, na sketi fupi itakufanya uivute-vute kila dakika badala ya kutulia. Rangi zisizo na kelele ni bora. Hijabu haina tatizo lolote, wala kanzu. Kofia ya jua inavuliwa ukiingia ukumbini. Kwa dada zangu ambao huona haya kuuliza: katika Theravada hakuna kanuni inayomzuia mwanamke aliye hedhini kuingia na kukaa.

Usijipulizie manukato makali. Watu watakaa kimya karibu karibu kwa muda mrefu, na harufu ya marashi inaweza kumtesa jirani yako saa nzima.

Mkobani weka chupa ya maji, sweta au shuka jepesi (upepo wa ziwani asubuhi una baridi), na soksi safi. Usisahau dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu. Hili nalisisitiza. Upande ule ni wa ziwa, mbu wapo, na utakuwa mahali ambapo hata mbu hauawi. Malaria haijali kama unatafakari, kwa hiyo jipake kabla ya kuingia, mikononi na vifundoni. Kama una dawa za kunywa kwa saa, zibebe.

Njiani

Kutoka Kampala, panda takisi (yaani matatu au daladala) za Entebbe pale Old Taxi Park, zile zinazofuata barabara ya zamani inayopita Kajjansi. Mwambie kondakta mapema kwamba unashukia njia panda ya Garuga, na ukikaribia sema kama wanavyosema wenyeji, "mu maaso awo", yaani hapo mbele, gari litasimama. Kutoka hapo ni bodaboda. Patana bei kabla hujapanda, na umwambie unakwenda kwa Wabuddha.

Ondoka mapema. Foleni ya barabara ile huijui mpaka ikukamate, na kuingia ukumbini wakati wenzio wameshatulia ni kazi. Ukichelewa kweli, usiingie kwa haraka ukitafuta nafasi ya mbele. Keti karibu na mlango, au subiri nje mpaka kengele igongwe.

Mlangoni, na mbele ya watawa

Viatu vinabaki nje. Vipange vikielekeana, usivitupe. Simu izime kabisa, maana mtikisiko wa simu kwenye sakafu ya ukumbi ulio kimya unasikika kama trekta. Picha usipige bila kuomba, na usimpige picha mtu aliyefumba macho hata kama umeruhusiwa kupiga jengo.

Mtawa wa kiume anaitwa Bhante, neno la heshima la Kipali, lugha ya maandiko yao. Mtawa wa kike huitwa Ayya; ukisikia wenyeji wanamwita jina lingine, wafuate wao. Salamu yake ni kuunganisha viganja mbele ya kifua na kuinamisha kichwa kidogo. Usinyooshe mkono. Kanuni zao, ambazo kwa watawa wa kiume ni 227, zinawazuia kugusana na mtu wa jinsia nyingine kwa namna zetu za kawaida, na mwanamke akinyoosha mkono anamweka mtawa mahali pagumu. Kwa sababu hiyo hiyo, mwanamke akitaka maongezi ya faragha na Bhante, huwa kuna mtu wa tatu karibu au mnakaa mahali pa wazi. Hakuna anayekushuku. Ni ulinzi kwa pande zote mbili, na kwa kweli natamani viongozi wengi wa dini wangekuwa na kanuni ya namna hii.

Utaona watu wakipiga magoti na kuinama mara tatu mpaka paji la uso liguse sakafu. Hapo ndipo wageni wengi wanaposhtuka. Mimi nilishtuka. Kisha nikakumbuka kwamba nimeishi Buganda miaka mingi, na kila siku naona binti wa watu akipiga magoti kumsalimia baba mkwe, muuza duka akipiga magoti kumpa mteja mzee chenji yake. Hakuna anayesema binti yule anamwabudu mzee. Kuinama kule kuna maana tatu, kwa Buddha, kwa mafundisho, na kwa jumuiya ya watawa, na ni heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu. Lakini kama imani yako haikuruhusu, usiiname. Simama au keti kwa utulivu na viganja vyako mapajani. Nimekaa pembeni ya Mwislamu aliyefanya hivyo mwaka mzima na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Ile sanamu

Tulizungumze waziwazi, kwa kuwa ndilo jambo linalowafanya wengi warudie getini. Ndani ya ukumbi kuna sanamu ya Buddha, na mbele yake maua, mishumaa, na vijiti vya udi vinavyofuka. Buddha alikuwa binadamu, Siddhattha Gotama, aliyezaliwa Lumbini, Nepal ya leo, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Aliacha nyumba ya kitajiri, akatafuta jibu la mateso ya binadamu, na akasema amelipata chini ya mti pale Bodh Gaya, India. Alifundisha mpaka akafa akiwa na miaka 80. Hakujiita Mungu wala mjumbe wa Mungu. Maua yanawekwa kwa kuwa kesho yatakuwa yamenyauka, na mwenye kuyaweka anatakiwa alione hilo na ajitazame mwenyewe.

Kama bado moyo unakataa, keti nyuma, fumba macho, fanya lililokuleta. Jambo moja tu: usinyooshe miguu kuielekeza kwenye sanamu au kwa mtawa. Nyayo kwao ni kama kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto.

Kukaa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakawia.

Neno letu lenyewe linapotosha kidogo. Kwa Kiswahili, kutafakari ni kulifikiria jambo kwa kina, kuligeuza huku na huku. Siku yangu ya kwanza niliambiwa "tafakari", nikakaa dakika arobaini nikiwaza madeni, ada ya shule na maneno niliyopaswa kumjibu mtu wiki iliyopita. Nilitoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Kinachofanyika pale ni kinyume: unaliacha jambo, unarudi kwenye kitu kimoja kidogo kilicho mbele yako, mara nyingi pumzi. Ningeweza ningeliita kutulia, basi.

Anza na makalio. Watu huanza na miguu, wakitaka kukunja kama ile sanamu, na magoti yanabaki yananing'inia hewani kama mabawa. Wiki yangu ya pili jajja mmoja, mwanamke wa makamo ya mama yangu, alinitazama nikihangaika. Hakusema neno. Alichukua mto wa pili, akanigusa begani ninyanyuke, akausukuma chini yangu juu ya ule wa kwanza. Papo hapo magoti yalishuka yakagusa mkeka, na mgongo ukanyooka bila mimi kuunyoosha. Siri yote ni hiyo: nyonga ziwe juu kuliko magoti. Kama mito haitoshi, kunja blanketi.

Miguu iweke mmoja mbele ya mwingine, yote miwili ikilala chini, bila kupandishana. Ukishindwa, piga magoti na kuweka mto katikati ya visigino na makalio, kikao ambacho aliyelelewa na mikeka anakijua tayari. Ukishindwa hilo nalo, omba kiti. Keti mbele kidogo bila kuegemea, nyayo zote mbili chini. Kiti si aibu na hakipunguzi chochote. Nimeona waliokaa miaka ishirini wakiwa vitini.

Mikono juu ya mapaja au kiganja ndani ya kiganja. Kidevu kivute ndani kidogo. Legeza taya, kwa sababu wengi wetu tunatembea tumeuma meno bila kujua. Fumba macho, au yaache nusu wazi ukitazama chini.

Sasa tafuta pumzi inakosikika wazi. Wengine huisikia puani, ubaridi ukiingia na ujoto ukitoka. Wengine tumboni, likipanda na kushuka. Chagua pahali pamoja na ubaki hapo. Usiivute wala kuirefusha, iache iende yenyewe. Kama akili inaruka sana, hesabu: ikitoka, moja, ikitoka tena, mbili, mpaka tano, kisha rudi moja. Ukijikuta uko kumi na saba, ujue ulikwishaondoka zamani.

Utaondoka. Pumzi ya tatu au ya nne utakuwa umeshafika sokoni Owino unapatana bei ya mashati. Usijikaripie. Dakika ile unapogundua kwamba ulikuwa umeondoka, hapo hapo ndipo zoezi lenyewe linapofanyika, kama mama anavyomrudisha mtoto anayetambaa kuelekea jikoni: anamwinua, anamrejesha mkekani, bila kofi. Atatambaa tena, na atarejeshwa tena. Mtu akikuambia amekaa nusu saa bila wazo lolote siku ya kwanza, huenda alilala.

Kuhusu maumivu, tofautisha. Ganzi, kuwaka kwa mapaja, uchovu wa mgongo, hivi vinavumilika na vinafaa kutazamwa: viko wapi hasa, vinakua au vinapungua, vina joto? Maumivu makali yanayochoma ndani ya goti ni kitu kingine. Hayo usiyavumilie. Sogea polepole, ukijua kwamba unasogea, kisha endelea. Mwisho wa kikao usisimame ghafla mguu ukiwa umekufa ganzi, utaanguka juu ya mwenzio. Nyoosha, sugua, subiri damu irudi.

Usingizi ukija, fumbua macho, nyoosha mgongo, vuta pumzi chache ndefu. Ukizidi, simama kimya mahali pako na uendelee kwa kusimama. Inaruhusiwa.

Kelele nazo zitakuwepo. Kwarara watapiga makelele juu ya miti, bodaboda itapita, spika ya kanisa itaimba, adhana itaita. Usizipige vita. Sauti imekuja, umeisikia, rudi kwenye pumzi. Na mbu. Nakumbuka mmoja alitua kwenye kifundo cha kidole changu cha shahada. Nilimsikia akitafuta mahali, nikasikia mwiba, nikasikia mkono wa pili ukianza kunyanyuka wenyewe bila mimi kuutuma. Niliuona ule mkono ukitaka kupiga, na nikauacha ushuke. Nikampuliza kwa mdomo, akaenda. Ni jambo dogo kabisa, ila kabla ya siku ile sikujua kwamba hasira huanzia mkononi kabla haijafika kichwani. Tangu hapo najipaka dawa.

Kutembea

Baada ya kukaa huja kutembea, na mgeni hudhani ni mapumziko. Ni zoezi lile lile kwa miguu. Chagua njia fupi ya hatua kumi na tano hivi kwenye uwanja, tembea polepole ukisikia mguu unavyonyanyuka, unavyosogea, unavyokanyaga. Mwisho wa njia simama, geuka, rudi. Macho chini, hatua chache mbele. Usimsalimie unayepishana naye. Kutosalimia pale ni heshima, ingawa najua kwa Mswahili inauma. Mtu wa mwendo wa mjini huona njia hii ngumu, ila mwenye kusinzia akikaa huona humu ndimo alimopata faida.

Nyimbo na maneno ya Kipali

Utasikia watu wakiimba kwa Kipali, wakianza na maneno ya kumheshimu Buddha yanayorudiwa mara tatu. Kisha huja makimbilio matatu, yaani Buddha, mafundisho na jumuiya ya watawa, na kanuni tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, na kutotumia vileo, waragi ikiwemo. Kusikiliza hakukufanyi Mbuddha. Kaa kimya kama hutaki kutamka. Mwishoni wote husema "Sadhu" mara tatu, kwa maana ya "vyema", na neno hilo mgeni hulipenda haraka.

Zoezi ambalo lilinigusa mimi ni metta, kuwatakia wengine heri. Unaanza na nafsi yako: niwe salama, niwe na afya, moyo wangu utulie. Kisha mtu unayempenda, kisha mtu usiyemjua vizuri, labda yule anayekuuzia rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, asubuhi. Mwisho yule mliyekosana. Fanya kwa Kiswahili, kwa lugha uliyobembelezwa nayo. Kwa Kiingereza maneno yale yalinipita juu juu. Niliposema "mama yangu awe salama" koo lilinikaba. Na yule mliyekosana, usimlazimishe moyoni siku ya kwanza. Anza na jirani aliyekuudhi kidogo.

Chakula na sadaka

Watawa wa Theravada hawali chakula baada ya saa sita mchana mpaka alfajiri ya pili. Sikulijua hilo. Mara yangu ya kwanza kupeleka chakula niliamka usiku nikapika matoke na mchuzi wa karanga, foleni ikanishika, nikafika saa saba kasoro. Bhante aliyekuwepo alipokea kwa upole mkubwa, akanibariki, na hakuonja. Walikula wengine. Kwa hiyo ukileta chakula, kiwe kimefika saa tano, si zaidi.

Na la pili: usichinje kuku. Hapa Uganda mgeni wa heshima hupewa kuku, tena luwombo ndani ya majani ya migomba, na mkono unakwenda huko wenyewe. Kwa kanuni zao, mtawa hawezi kula nyama ya mnyama ambaye ameona, amesikia au anashuku kwamba amechinjwa kwa ajili yake. Pika luwombo ya karanga na uyoga. Leta maharagwe, dodo (mchicha wa hapa), boga, viazi vitamu, parachichi, mapapai. Hata kilo ya mchele au sukari inapokelewa vizuri. Kitu kinakabidhiwa kwa mikono miwili, na mwanamke asubiri aelekezwe: huenda kitawekwa mezani au kupokelewa na mtu mwingine.

Mafundisho hayauzwi. Kinachoendesha mahali ni dana, sadaka ya hiari, na huwekwa kwenye sanduku au hutumwa kwa simu. Uliza ofisini namba rasmi, usichukue ya mtu njiani, na usimpe mtawa pesa mkononi. Usipokuwa na kitu, osha vyombo baada ya chakula au fagia majani. Hiyo nayo ni dana, na jikoni ndiko nilikopata marafiki.

Ukitaka kulala kituoni

Usikimbilie siku kumi. Nenda mara tatu au nne za nusu siku, kisha siku moja nzima, kisha wikiendi. Anayelala huombwa kufuata kanuni nane, yaani zile tano, na ya kutozini inapanuka kuwa kujinyima tendo la ndoa kabisa, pamoja na kutokula baada ya mchana, kuacha muziki na mapambo, na kulala kitanda cha kawaida kisicho cha anasa. Jioni utapata chai au maji ya matunda. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye sukari, mjamzito, aseme siku ya kujiandikisha, atapangiwa chakula. Waislamu waombe kona ya kuswalia kabla ya kufika, na wabebe msala wao. Kila anayelala aage nyumbani vizuri na aache namba ya kituo, kwa kuwa simu yake itakuwa imezimwa.

Nani aende taratibu

Kukaa kimya huleta juu vitu vilivyozama. Kwa wengi ni machozi kidogo, yanapita. Ila kama umepitia vita, kama wenzetu wengi waliokimbilia hapa kutoka Kongo, Sudan Kusini na Burundi, au umefiwa karibuni, au umewahi kuugua akili, mwambie mwalimu faraghani kabla ya kikao cha kwanza. Atakupa vikao vifupi, macho wazi, pengine kutembea zaidi kuliko kukaa. Picha za zamani zikikuvamia, fumbua macho, shika sakafu kwa viganja, hesabu vitu vitano unavyoviona, toka nje. Hakuna atakayekuzuia. Na dawa ulizoandikiwa hospitali usiziache kwa sababu umejisikia vizuri wiki mbili. Mwalimu yeyote atakayekuambia uziache, achana naye.

Ukirudi

Usiwashe simu mpaka ufike barabara kuu. Jioni hiyo hiyo kaa dakika kumi kitandani mwako kabla ya kulala, na kesho yake dakika kumi tena, saa ile ile, kabla watu wa nyumba hawajaamka. Mto wa kiti cha sebuleni unatosha; weka miwili. Nyumbani wakiuliza ulikuwa wapi, waambie ukweli kwa maneno mafupi, na ukiweza mchukue mmoja wao safari ijayo, akaone mwenyewe. Shangazi yangu alikuja kututembelea mwaka jana, nikamchukua. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, rozari mkononi, muda wote. Tukiwa kwenye bodaboda tunarudi barabara kuu aliniuliza kama Jumapili ya pili tunaweza kuondoka mapema zaidi, apate kupeleka boga.